Ulimi wa Mama na Malezi ya Watoto Wetu

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyemuumba mwanadamu na akamfundisha kubainisha yaliyo moyoni mwake. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake, na masahaba zake wote.

Ama baada ya hayo, katika darasa yetu ya usiku, baada ya Sala ya Isha, ndugu mmoja wa hapa Garsen alituletea swali ambalo tumeona si lake peke yake, bali ni la nyumba nyingi za mji huu na za vijiji vilivyo kandokando ya mto Tana. Kwa sababu hiyo twaliandika hapa, pamoja na majibu yake, ili na wale wasiohudhuria darasa wapate faida.

Ndugu huyu ni Mpokomo wa upande wa juu wa mto, na mkewe ni Muorma. Mtoto wao wa kiume amekwisha kutimiza miaka miwili na nusu, na maneno yake ni machache. Majirani walimwambia kwamba lugha zimemlemea mtoto. Nyanya yake mzaa baba asema naye Kipokomo, mama yake asema naye Kiorma, barazani asikia Kiswahili, dukani asikia Kisomali, kutoka chuo cha jirani asikia Kiarabu cha Kurani, na redioni asikia Kiingereza. Kwa khofu ya jambo hilo, baba akamkataza mkewe kusema Kiorma na mtoto. "Sema naye Kiswahili tu," alimwambia, na mke akatii. Lakini Kiswahili cha mama huyo ni cha sokoni, cha kuuza maziwa na kununua unga. Hajui kumbembeleza mtoto kwacho, wala kumtania, wala kumsimulia hadithi. Miezi mitatu ikapita, na mume akaona jambo ambalo hakulitazamia. Mtoto hakuzidi kusema, na mama naye amekuwa kimya. Amlisha kimya, amuosha kimya, amlaza kimya. "Maalim," alisema ndugu yetu, "nyumba yangu imekuwa kama nyumba ya matanga. Je, nilifanya sawa, au nilikosea?"

Hatukutaka kumjibu kwa pupa, kwani swali la malezi ni swali la amana. Tulitaka siku chache, tukasoma, tukawauliza wajuzi wa matibabu na waalimu wa watoto wadogo, kisha tukarudi darasani. Haya ndiyo tuliyoyapata.

Kwanza, yafaa tujue mahali tunapokaa. Garsen imo katika njia itokayo Malindi kwenda Lamu, na mto Tana, ambao ndio mrefu kuliko mito yote ya Kenya, wapita kando yake ukienda kumwaga maji yake baharini upande wa Kipini. Mto huu umewakusanya watu wa kila namna. Wako Wapokomo, walimao mpunga na migomba katika kingo zake. Wako Waorma, wanywesheao ng'ombe zao humo wakati wa kiangazi, na Wawardei na Wasomali. Wako Waswahili wa Kipini na wa visiwa vya Lamu, na Wagiriama waliopanda kutoka kusini. Na huko juu, karibu na Garissa, wako Wailwana na Wamunyoyaya. Ni watu wa namna mbalimbali, lakini wavuka mto mmoja, na mara nyingi waoana. Basi mtoto wa Garsen asikiaye lugha tatu au nne kabla ya kuota meno hakupatwa na msiba wowote. Hiyo ndiyo hali ya nchi yake, na ilikuwa hali ya babu zake.

Wala lugha hizi si geni kwa geni zote. Wanachuoni wa lugha wamebainisha kwamba Kipokomo, Kiswahili, lugha za Wamijikenda, Kingazija na jamaa zake wa Komoro, pamoja na Kiilwana, ni ndugu wa tumbo moja, nao wameuita ukoo huo Sabaki, kwa jina la mto uingiao baharini karibu na Malindi. Kiorma nacho ni tawi la Kioromo, chenye watu mamilioni kule Uhabeshi, na kina udugu na Kisomali. Tazama neno la maziwa. Waorma husema "aanan", na Wasomali husema "caano", na herufi hiyo ya kwanza ya Wasomali hutamkwa kama ain ya Kiarabu. Basi nyumba ya ndugu yetu, kwa upande wa baba na kwa upande wa mama, ina funguo za milango miwili mikubwa ya Afrika ya Mashariki, naye alikuwa ataka kuutupa ufunguo mmoja mtoni.

Pili, tuje kwenye lile alilolikhofia. Je, ni kweli kwamba wingi wa lugha humchelewesha mtoto kusema? Jibu la wale waliolichunguza jambo hili ni kwamba si kweli. Mtoto mchanga husikia sauti ya mamake tangu yumo tumboni katika miezi ya mwisho ya mimba, na akizaliwa huitambua. Katika miezi ya mwanzo ya maisha yake huweza kupambanua lugha moja na nyingine kwa mwendo wake na mapigo yake, kama vile sisi tupambanuavyo adhana na kengele. Watoto walelewao kwa lugha mbili hutamka neno la kwanza karibu na umri uleule wa wenzao wa lugha moja, nao ni karibu na mwaka mmoja. Na huunganisha maneno mawili karibu na umri uleule, nao ni karibu na miaka miwili.

Kinachowadanganya wazazi ni hesabu. Mtoto wa lugha moja maneno yake yote yamo kikapuni mamoja. Mtoto wa lugha tatu ameyagawa katika vikapu vitatu. Mtu akitazama kikapu kimoja tu husema: "Maskini, mtoto huyu hana kitu." Tuseme mtoto wa miaka miwili ana maneno 20 ya Kipokomo, na 20 ya Kiorma, na 15 ya Kiswahili. Nyanya yake asiyejua Kiorma atamhesabia 20, na mamake 20, na mpangaji wa jirani 15, na wote watasikitika. Ilhali mtoto ana maneno 55. Basi mwenye kutaka kujua kiasi cha maneno ya mtoto wake, na ahesabu lugha zote pamoja.

Kadhalika, mtoto akichanganya maneno, si dalili ya kuvurugika akili. Mtoto asemaye, "Mama, nataka aanan baridi," ametumia neno alilo nalo mahali alipolihitaji, kama vile seremala akosaye nyundo atumiavyo kisigino cha shoka. Hata sisi watu wazima twafanya hivyo kila siku. Jambo baya ni kumcheka. Tumeona watoto waliochekwa mbele ya wageni kwa neno moja, wakauma midomo yao muda mrefu. Neno la mtoto lijibiwe kwa neno zuri, si kwa kicheko. Mama aseme tu, "Ndiyo, mwanangu, maziwa baridi haya hapa," au amjibu kwa lugha yake, na mazungumzo yaendelee.

Lakini hatusemi kwamba kila mtoto anyamazaye ni mzima. Ziko alama ambazo mzazi haimjuzii kuzipuuza, ziwe lugha za nyumba ni moja au ni tano. Mtoto aliyetimiza mwaka na hababaiki kwa sauti, wala haashirii kwa kidole, wala hageuki aitwapo. Mtoto wa miaka miwili ambaye hana maneno 50 katika lugha zake zote pamoja, wala haunganishi mawili. Na mtoto wa umri wowote aliyekuwa na maneno kisha akayapoteza, hawa wapelekwe hospitali, na jambo la kwanza la kutazamwa ni masikio. Mtoto atokwaye usaha masikioni mara kwa mara huenda asisikie vyema, na asiyesikia vyema atasemaje? Kusema "lugha zimemlemea" na kumuweka nyumbani ni kumdhulumu, kwani huenda dawa yake ilikuwa karibu. Ndugu yetu tulimwambia asingoje, ampeleke mwanawe akapimwe kusikia.

Tatu, tutazame alichokiondoa. Alidhani ameondoa lugha moja ili nyingine ipate nafasi. Kwa kweli aliyaondoa mazungumzo yenyewe. Mtoto hajifunzi kusema kwa kusikia sauti zikipita juu ya kichwa chake, wala kwa redio na simu. Hujifunza kwa mtu amtazamaye usoni, amwambiaye neno, kisha akangoja jibu lake, hata likiwa ni mguno. Na mtu huyo katika miaka ya mwanzo, mara nyingi, ni mama. Mama akisema kwa lugha yake, husema mengi, husema kwa furaha, na humtajia mtoto kila kitu: huyu ndama, hili wingu, hii ngozi, huu moshi. Akilazimishwa lugha asiyoimiliki, husema kwa ufupi kama mtumishi apokeaye amri. Mtoto hupata maneno machache na mapenzi yasiyotamkwa. Wazee wamesema, asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Na mama atamfunza kwa nini, ikiwa ulimi wake umefungwa?

Hapa twawakumbusha wasomaji wetu jambo ambalo watu wa Tana wana haki ya kulifurahia. Kenya ilipojipatia uhuru mwaka 1963, na wimbo wa taifa ukatafutwa, sauti iliyochaguliwa ilitoka katika wimbo wa akina mama wa Kipokomo wa kuwabembelezea watoto wao. Leo nchi nzima husimama wima kwa sauti ambayo asili yake ni mama ameketi, amempakata mtoto, ataka alale. Mama yule hakujua kwamba alikuwa na kitu cha kulipa taifa. Naye mama wa Kiorma amlazaye mwanawe leo kwa wimbo wa kabila lake, ni nani ajuaye kilichomo katika wimbo ule?

Na kinyume chake pia kipo karibu nasi. Katika nchi ya misitu iliyo kati ya mdomo wa Tana na Lamu wako Wadahalo, watu waliokuwa wawindaji. Lugha yao ni ya ajabu, kwani ina sauti za kugonganisha ulimi ambazo mtu huzisikia kusini kabisa mwa Afrika, na ambazo ni nadra sana upande wetu huu. Wasemaji waliosalia ni mia chache tu. Hakuna aliyewapiga marufuku wasiseme. Wazazi wenyewe waliwageukia watoto kwa Kiswahili, nyumba baada ya nyumba, kila mmoja akidhani nyumba yake peke yake haitadhuru. Hivyo ndivyo lugha ifavyo: mzazi mmoja huacha kusema na mtoto mmoja, kisha jirani yake hufuata. Nasi Waswahili, ambao lugha yetu ndiyo ipokeayo watoto hao, yatupasa tuipokee kwa adabu, isiwe kama mgeni aingiaye nyumbani akamtoa mwenye nyumba.

Nne, dini yetu yasemaje? Katika Sura ya Ar-Rum, aya ya 22, Mwenyezi Mungu ameihesabu tofauti ya lugha zetu na rangi zetu kuwa ni katika ishara zake, sambamba na kuumbwa kwa mbingu na ardhi. Na katika Sura ya Ibrahim, aya ya 4, ametujulisha kwamba hakumtuma Mtume yeyote ila kwa lugha ya watu wake, ili awabainishie. Mtume wetu (s.a.w.) alimuamrisha Zaid bin Thabit, mwandishi wake, ajifunze maandishi ya Mayahudi wa Madina, na Zaid akayajua kwa muda mfupi. Basi mwenye kudharau lugha ya mkewe mbele ya mtoto amedharau ishara, na mwenye kujifunza lugha ya jirani yake hakupungukiwa na Uislamu wake.

Katika pwani yetu hii, Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, Mwenyezi Mungu amrehemu, alipotaka kuwaamsha Waislamu kwa gazeti lake la Sahifa mwaka 1930, na Al-Islah mwaka 1932, aliwaandikia kwa Kiswahili chao, ingawa alikuwa mwanachuoni mkubwa wa Kiarabu. Alijua kwamba elimu isiyofahamika haiamshi mtu. Nasi twawaambia waalimu wa vyuo na madrasa za Tana: mtoto na ahifadhi Al-Fatiha kwa Kiarabu, kama ipasavyo, lakini aelezwe maana yake kwa lugha aifahamuye. Ikiwa ni Kiorma, aelezwe kwa Kiorma. Ikiwa ni Kipokomo, kwa Kipokomo. Na mtoto asichapwe kwa kuuliza kwa lugha ya kwao.

Kuna wasemao: "Shule ni ya Kiingereza, na asiyekijua ataachwa nyuma. Kwa nini tupoteze wakati?" Twawajibu kwamba hata wakuu wa elimu hawasemi hivyo. Ni kweli kwamba Tume ya Ominde ya mwaka 1964 ilikipa Kiingereza nafasi tangu darasa la kwanza. Lakini Ripoti ya Gachathi ya mwaka 1976 ilipendekeza watoto wafundishwe kwa lugha ya mahali pao katika miaka mitatu ya mwanzo, na mtaala wa umilisi wa siku hizi umeziwekea lugha za asili masomo yake katika gredi za mwanzo. Na Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 7, imekifanya Kiswahili lugha ya taifa, na Kiswahili na Kiingereza lugha rasmi, kisha ikaiwajibisha serikali kuzilinda na kuziendeleza lugha za wenyeji. Wengi wetu twakumbuka kile kipande cha ubao alichovikwa shingoni mtoto aliyesikiwa akisema lugha ya mamake shuleni. Ikiwa shule zimeanza kukiacha kibao hicho, je, sisi tukiokote tukiingize majumbani mwetu? Kiswahili mtoto wa Garsen atakipata tu, kwani kimo sokoni, msikitini na uwanjani. Kiingereza atakipata darasani. Lugha ya mama, asipoipata kwa mama, ataipata wapi?

Wengine wasema kwa khofu nzito zaidi: "Lugha za kabila ndizo zituletazo fitina." Sote twayakumbuka ya mwaka 2012, Wapokomo na Waorma walipouana katika vijiji vya mabonde haya, na watu zaidi ya 100 wakapoteza maisha, wake na watoto wakiwamo. Katika siku zile nyumba za mchanganyiko kama ya ndugu yetu zilikaa baina ya mienge miwili. Hatutajidanganya kwamba kujua lugha peke yake kwazuia vita. Waliopigana wengi wao walielewana vyema. Ugomvi ulikuwa wa ardhi, na malisho, na njia za maji. Lakini twasema hivi: mtoto hujifunza dharau katika umri uleule ajifunzapo maneno. Akiona baba aaibika kwa lugha ya mama, hujua kwamba watu wa mama si kitu. Akiona baba amsalimia mkwewe kwa lugha ya mkwe, hata kwa kugugumia, hujua kwamba watu hao ni wake. Hiyo si dawa ya kila ugonjwa, lakini ni chanjo ambayo haiuzwi dukani.

Basi yafanywe nini? Twapendekeza mambo haya mepesi. Kila mtu nyumbani aseme na mtoto kwa lugha anayoimiliki vizuri, na adumu nayo. Mfaransa mmoja aitwaye Jules Ronjat, ambaye mkewe alikuwa msemaji wa Kijerumani, alimlea mwanawe namna hiyo, baba kwa lugha yake na mama kwa yake, na mwaka 1913 akaandika kitabu kueleza kwamba mtoto alizimiliki zote mbili. Ikiwa mzazi hupenda kuzigawa kwa nyakati, basi iwe Kiorma asubuhi kwenye kukama na kuosha, Kipokomo kwa nyanya mchana, na Kiswahili jioni kwenye chakula wote wakiwa pamoja. La muhimu ni kwamba kila lugha iwe na saa yake na mtu wake. Mtoto apelekwe kwa jamaa wa pande zote mbili, akae nao, acheze na binamu zake. Asimuliwe hadithi kabla ya kulala, na simu iwekwe mbali. Asilazimishwe kusema mbele ya wageni kama kasuku. Na asisahihishwe kwa ukali.

Baada ya kumweleza ndugu yetu yote haya, mmoja wetu alimuuliza: "Wewe mwenyewe, wakijua Kiorma?" Akainamisha kichwa, akasema: "Sikijui, Maalim. Mwaka wa nne huu tangu nimuoe." Kisha akanyamaza, na baadaye akasema neno ambalo hatukumtia kinywani: "Labda si mtoto aliyelemewa. Labda ni mimi niliyekuwa sipendi kusikia yasemwayo nyumbani mwangu nisiyoyafahamu."

Juma la tatu alirudi. Masikio ya mtoto yamepimwa, nayo ni mazima. Mtoto hajawa msemaji, na hatukumuahidi hilo, kwani kila mtoto ana wakati wake aliopangiwa na Mola wake, na waganga wamemtaka arejee baada ya miezi mitatu wamtazame tena. Lakini mama amerudi kusema. Asubuhi, alisema, akiwa bado kitandani baada ya Alfajiri, husikia uani maneno mengi, na kicheko cha mtoto katikati yake. Naye ameanza kumuuliza mkewe neno moja kila usiku. Amefika neno la kumi na mbili, na mkewe humcheka matamshi yake, naye huvumilia.

Enyi wazazi wa Tana na wa pwani nzima, watoto ni amana, na ndimi zao ni katika amana hiyo. Tusiwanyime walichopewa na Mola wao kwa mikono ya mama zao. Mwacha asili ni mtumwa, na mtoto hakuiacha kwa hiari yake. Wanaomuachisha ni sisi, nasi ndio tutakaoulizwa.

Wabillahi taufiki.